Kamati za harusi, muulizeni mpiga picha taa yake inapata wapi umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Nimeisoma barua ya mzee wa Korogwe mliyoichapa Jumamosi iliyopita, nikairudia usiku watoto walipolala. Binti yake kaolewa, umeme ukakatika saa mbili unusu bi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini, na albamu waliyoletewa ina kurasa nne ambazo hata mama mzazi hajioni yuko wapi. Mzee ameilaumu jenereta ya ukumbi kwa kuchelewa kuwaka. Mimi napiga picha za harusi hapa Tanga, zaidi ya miaka kumi sasa, na namwambia kwa heshima: shikamoo baba, lakini jenereta umeionea. Mpiga picha wenu alikuja na taa za studio, zile za kuchomeka ukutani. Umeme ulipoondoka, taa zake ziliondoka nao. Angekuja na flashi inayobeba betri yake yenyewe, bi harusi angeingia gizani na bado mngempata, kuanzia hina ya vidole mpaka shanga za shela.

Nayajua haya kwa sababu yamenifika.

Mwaka 2014 niliitwa Msambweni kwenye kupamba. Wasomaji wa bara huenda hawaijui: ni shughuli ya wanawake pekee, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na mwanamume mwenye kamera hana njia ya kuingia. Ndiyo maana wananiita mimi. (Kadi ya kamera naiacha kwa mama wa bi harusi usiku ule ule, na picha nazichagua mbele yake siku ya pili. Sijawahi kwenda kinyume na hilo.) Nilikuwa na taa mbili nilizoazima studio niliyokuwa nafanyia kazi, na ekstensheni tuliyoivuta kutoka dirisha la jirani, ikapita barazani, ikapenya chini ya mikeka hadi miguuni pa jukwaa. Somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, akaja na chetezo mkononi anafukiza udi. Dole gumba la mguu wake likanasa kwenye waya. Stendi ikaanguka, kioo cha taa kikapasuka, na makaa ya chetezo yakamwagika juu ya mkeka mbele ya mwari. Bado nauona ule mkeka: matundu matano, kingo zake nyekundu, na mashangazi wanayapiga kwa kanga. Hakuungua mtu, alhamdulillahi. Mkeka niliulipa.

Nikabaki na taa moja. Saa tatu umeme ukakatika mtaa mzima. Wakawasha jenereta ndogo, taa ikawa inajaa kwa kusitasita, mara inalia kuwa iko tayari, mara kimya, mwisho ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua na haikuwaka tena. Shangazi alipomfunua bi harusi ushungi, nilipiga na kile kiflashi cha juu ya kamera. Picha ninayo hadi leo. Uso mweupe kama unga, kivuli cha kichwa kimebandikwa kwenye kanga ya nyuma, na wanawake wote waliokuwa wakipiga vigelegele, zaidi ya sitini, wamekuwa giza tupu.

Tangu usiku ule sijachomeka taa kwenye ukuta wa mtu.

Sasa vijana wengi wananiuliza nimenunua nini, na nimeona katika barua zenu watu wakishauriana "nunua kubwa kabisa". Nataka nilijibu hilo kwa kirefu, maana fedha za vijana zinapotea hapo.

Nguvu ya flashi hupimwa kwa jouli. Kwenye boksi huandikwa Ws, na ni kitu kile kile. Flashi ndogo ya kukaa juu ya kamera ina jouli kama 60 hadi 75. Yangu, Godox AD200 niliyoinunua kwa kipato cha harusi mbili, ina 200. Ziko za 400 na 600. Kijana akiona 600 anadhani ni mara tatu ya mwanga, na kwa hesabu ni kweli, ila kamera haihesabu hivyo. Ukiongeza jouli mara mbili, kwenye lenzi unapata stopu moja tu, yaani hatua moja ya kufunga tundu la lenzi. Kutoka 200 hadi 600 unapata stopu moja na nusu. Stopu hiyo moja na nusu unailipia kwa fedha nyingi na kwa mzigo: taa inayokaribia kilo moja inakuwa ya kilo mbili na nusu na zaidi, juu ya stendi, katikati ya watoto wanaokimbizana.

Na stopu hizo unaweza kuzipata bure kwa miguu. Sogeza taa kutoka mita mbili hadi mita moja na mwanga unaofika usoni unakuwa mara nne. Hizo ni stopu mbili, zaidi ya ulizotaka kununua. Msaidizi wangu ni mdogo wangu wa kike. Kazi yake harusi nzima ni kushika taa kwenye mti mrefu na kuisogeza karibu na uso wa bi harusi mpaka ukingo wa mwavuli wa kulainisha mwanga unakaribia kuingia kwenye picha. Nikiona ukingo, namwambia rudi kidogo. Pale ndipo penyewe.

Kinachobana kweli ni jua. Bwana harusi wa Tanga katika kanzu nyeupe na joho jeusi, saa sita mchana ufukweni pale Raskazone, ni mtihani mkubwa kuliko ukumbi wowote wenye giza. Jua liko utosini, macho yamekuwa mashimo mawili, kanzu inawaka, joho limemeza kila uzi wa dhahabu. Kwa ISO 100 (kamera ikinusa mwanga kidogo) na shata 1/200 (pazia la kamera likifunguka kwa moja ya mia mbili ya sekunde), jua lenyewe linakutaka ufunge lenzi karibu f/11, yaani tundu dogo. Flashi yako lazima ifike hapo au karibu na hapo usoni mwa mtu, baada ya mwavuli kunywa sehemu yake. Flashi ya jouli 60 ndani ya mwavuli inafika kwa shida: hata ukiisogeza karibu kabisa utakuwa unaifyatua kwa nguvu zote kila mara. Ya 200 kwa mita moja na nusu inafika. Ndiyo sababu nimesimama kwenye 200: ni kiasi kidogo kinachoweza kulijibu jua letu na bado binti wa miaka kumi na tisa akakishika kwa mkono kwa muda wa saa tano.

Kuna wanaosema, pandisha shata hadi 1/2000 ulipunguze jua. Flashi za siku hizi zinaweza, lakini ujue unachotoa. Ukipita 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, pazia la shata halifunguki lote kwa wakati mmoja, hivyo flashi hulazimika kupepesa haraka haraka muda wote pazia linapopita badala ya kupiga mara moja kwa nguvu. Sehemu kubwa ya nguvu inapotea, taa inapata moto, betri inaisha. Mimi nabaki 1/200, nafunga lenzi, nasogeza taa.

Na taa za LED? Zimejaa madukani, nyepesi, za bei nafuu, na watu wa video wanazipenda kwa haki. Lakini fanya hesabu ndogo. LED ya wati 60, katika muda wa 1/200 ya sekunde ambao shata imefunguka, imetumia sehemu tatu ya kumi ya jouli moja. Flashi yangu katika muda huo huo imemwaga 200. Hata tukisema LED inaugeuza umeme kuwa mwanga vizuri kuliko flashi, pengo haliwezi kuzibika. Ukumbini usiku LED itakusaidia. Mchana ufukweni usoni mwa bi harusi hutaiona kama imewaka.

Sasa betri, ambayo kwangu ndiyo taa yenyewe. Maswali yangu dukani ni mawili: betri ikijaa inapiga mara ngapi kwa nguvu kamili, na baada ya kupiga inajaa tena kwa sekunde ngapi. Hii yangu watengenezaji wanasema mara 500, na sekunde kama mbili. Ukumbini siitumii kwa nguvu kamili. Natumia robo au moja ya nane, hivyo 500 zinakuwa kama 2,000 na zaidi, na kujaa kwake ni kama nusu sekunde. Shughuli nzima napiga picha 800 hadi 1,000. Betri moja inanitosha usiku. Mchana juani inaliwa haraka, ndiyo maana natembea na mbili, na ya pili inakaa kwenye kapu la mdogo wangu, ndani ya khanga, mbali na jua.

Hizo sekunde msizidharau. Nikahi imekwisha, bwana harusi anaingizwa ndani kwa mkewe. Anaketi, anaweka kiganja juu ya paji la uso wa bi harusi, anasoma dua. Wengine huisoma taratibu, wengine kwa aibu huimaliza kabla hujavuta pumzi. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na flashi ya betri nne za AA za dukani, zile za kutupa. Picha ya kwanza naipata. Kisha nasikia flashi inalia kwa mbali kama mbu, sekunde tano, sita, saba, na kiganja kimeshaondoka. Mabibi harusi watatu wana picha ya mkono unaoondoka, kwa sababu ya betri zangu.

Kwa asiyeweza kufika kwenye flashi ya betri ya lithiamu kama yangu bado, AA za kuchaji za nikeli ni nzuri kuliko za kutupa, ingawa zinaandikwa volti 1.2 na zile 1.5, kwa sababu zinatoa umeme wake haraka bila kulegea. Ila soma namba. AA halisi ya kuchaji huishia karibu 2,700 mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Nimeshikishwa zilizoandikwa 4,000 na hata zaidi, nyepesi mkononi kama maganda ya karanga. Rudisha. Nazo za lithiamu za silinda ndefu kidogo zinazoitwa 18650, seli nzuri kabisa inafika kama 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, aliyeandika ameandika tu.

Kabla ya kulipa, ijaribu pale pale kaunta. Mimi naomba karatasi nyeupe, naibandika ukutani, naweka kamera isibadilishe chochote yenyewe, napiga kumi mfululizo kwa nguvu kamili, kila mara pale tu kitaa cha "tayari" kinapowaka. Halafu naziangalia kumi zote kwa pamoja. Ziko flashi ambazo kitaa chake kinawaka kabla haijajaa vizuri, na utaona karatasi ya tatu na ya saba zimekuwa za kijivu. Muuzaji mmoja alinikasirikia kwa kumaliza chaji ya taa ya dukani. Nilimwambia bi harusi atanikasirikia zaidi, akacheka, akaniletea nyingine. Ndiyo niliyonunua.

Mambo ya Tanga sasa, ambayo hayaandikwi kwenye boksi.

Upepo. Kusi ikivuma pale ufukweni, stendi yenye mwavuli haisimami hata uining'inizie mfuko wa mchanga. Wangu ulipaa kama tiara, tukauona ukielea majini, bwana harusi akavua viatu kuufuata mpaka nikamwomba arudi, joho lisilowe. Ufukweni taa ishikwe na mtu.

Dari. Vitabu vinasema elekeza flashi juu, mwanga ugonge dari urudi laini. Dari ya makuti hairudishi kitu, inakula yote. Turubai lililopambwa kwa kitambaa cha kijani litakurudishia mwanga wa kijani, na bi harusi aliyepakwa liwa wiki nzima anatoka kama mtu mwenye homa. Nyumba za Ngamiani zenye dari nyeupe zinafaa sana. Kwingine kote leta mwavuli wako.

Chumvi. Hewa yetu inaotesha kutu ya kijani kwenye vile vishaba vya betri. Kila Jumatatu navifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi ambamo bi harusi alikuwa akipambwa, ukaingia barazani, lenzi itatoa jasho. Ipe dakika kumi ndani ya mfuko wake kabla hujaifungua.

Ramadhani. Mwezi mzima hakuna harusi, taa zinalala. Betri ya lithiamu usiilaze imejaa pomoni wala imekauka. Iache karibu nusu, mahali pa baridi. Kisha Mfungo Mosi unaingia na shughuli zinakuja kwa mfululizo, wakati mwingine mbili kwa siku, nawe unataka betri zikukute ziko hai. Mwaka mmoja niliilaza moja imekauka kabisa na haikuamka tena.

Na hili nawaomba vijana kama mama: flashi ikiharibika, usimpe fundi simu aifungue, wala usiifungue mwenyewe. Ndani mna kapasita inayoshika umeme wa volti zaidi ya 300, na inaendelea kuushika hata betri ukiitoa. Mpelekee fundi anayejua kuutoa ule umeme kwanza.

Kuna mengine, rangi ya mwanga, chaneli za triga zenu (vile vifaa vya kufyatulia flashi kwa mbali) mnapokuwa wapiga picha wawili na kila mmoja anafyatua taa ya mwenzake, padri kuulizwa kabla ya flashi kupigwa altareni. Hayo mtayazoea kazini.

Narudi kwa kamati za harusi, maana barua ya mzee ilikuwa yao. Nimekaa kwenye vikao vingi. Muziki unajadiliwa saa nzima, rangi ya vitambaa vya viti inapigiwa kura, biriani ina mjumbe wake maalumu. Mpiga picha anafika mwisho, kwa swali moja: bei gani? Kabla hamjatoa advansi, mwambieni aje na taa yake kikaoni. Mwambieni aiwashe pale pale sebuleni, bila kugusa soketi. Mwambieni apige mara ishirini haraka, na mhesabu. Muulizeni betri ya akiba iko wapi, na mwambieni awaonyeshe. Mtu akisema "iko nyumbani", ndivyo itakavyokuwa siku ya harusi pia. Mwulizeni taa moja ikifa atafanya nini. Mimi nina flashi ndogo ya pili mfukoni, yenye betri yake ya lithiamu, na mara mbili imeniokoa. Mpiga picha mwenye vitu hivi atawataka fedha zaidi ya yule wa taa za kuchomeka. Mpunguzieni mwenye maua.

Na kwako, mzee wangu wa Korogwe. Ulisema mama yake bi harusi kila akifika kurasa zile nne anaifunga albamu. Sehemu ya kuingia ukumbini haiwezi kurudi. Lakini kama binti yako bado anayo ile nguo, na mumewe na mama watakubali, mimi na mdogo wangu tutakuja kwa basi la asubuhi siku yoyote isiyo ya Jumamosi wala Jumapili. Sitaki malipo, sitaki soketi. Nataka ua wa nyumba yenu, saa kumi na mbili kasorobo jioni jua likianza kushuka kuelekea milimani, mama asimame kulia kwa binti yake amshike mkono wa hina, ingawa hina yenyewe itakuwa imeshafutika. Mhariri anayo namba yangu.

Mpiga picha wa harusi,
Makorora, Tanga
(Jina limehifadhiwa)